Pikapu ya Sentimita 20

Modeli ya gari, kwa maana wanayoikusudia mafundi wa kazi hii, ni nakala ndogo ya gari halisi ambayo kila kipimo chake kimegawanywa kwa namba moja isiyobadilika, nayo namba hiyo ndiyo inayoitwa skeli, sawa na ile inayoandikwa pembeni mwa ramani. Skeli ya 1:24 ina maana kwamba milimita 1 ya modeli inasimama mahali pa milimita 24 za gari lenyewe, na kwa hesabu hiyo pikapu ya Toyota Hilux ya milango minne ya miaka ya 1990, ambayo urefu wake unakaribia mita 4.7, inabaki na sentimita 19 na nusu. Hesabu ni nyepesi, tena kiwanda kimeshaifanya kabla boksi halijafika dukani. Kinachobaki mikononi mwa mwundaji ni jambo ambalo hesabu hailimalizi, kwa kuwa vipo vitu visivyokubali kugawanywa: rangi ina unene wake uleule iwe juu ya gari au juu ya modeli, chembe ya vumbi haipungui, mwanga haubadiliki, na uzito hupungua kwa namna tofauti kabisa na urefu. Sehemu kubwa ya ufundi unaoelezwa hapa, kuanzia kukata kipande cha kwanza hadi kupaka tope kwenye tairi, ni juhudi ya kuvifanya vitu hivyo vikaidi vionekane kana kwamba navyo vimepunguzwa mara 24.

Pikapu inafundisha jambo hili vizuri kuliko gari la saluni, na sababu ya kwanza iko chini ya bodi. Saluni nyingi za siku hizi ni ganda moja la bati lililochomelewa, ambapo sakafu, nguzo na paa ni kitu kimoja, ilhali pikapu ya kazi hujengwa juu ya chesisi ya ngazi, yaani boriti mbili ndefu za chuma zinazounganishwa na vyuma vya kukingama. Injini, giaboksi, difu na springi hufungwa kwenye chesisi hiyo, kisha kebini ya abiria na bodi la mizigo huwekwa juu, kila moja ikisimama peke yake, na baina yake hubaki mwanya unaoonekana wazi kwa anayelitazama gari kwa ubavu. Seti nzuri ya modeli hufuata utaratibu huohuo, kwa hiyo anayeiunda hujikuta akijifunza jinsi gari lenyewe lilivyojengwa, jambo ambalo modeli ya saluni iliyofungwa chini kwa sahani moja ya plastiki haimfundishi. Sababu ya pili ni kwamba pikapu ni gari la kazi, na rangi ya gari la kazi hubeba kumbukumbu ya mizigo, ya jua na ya barabara, kiasi kwamba modeli iliyopakwa rangi safi kabisa mara nyingi huwa imekamilika nusu tu.

Historia ya seti hizi ina makao mawili makuu. Nchini Marekani kampuni ya AMT ya jimbo la Michigan ilianza kwa kutengeneza magari madogo ya plastiki yaliyokwisha kuunganishwa, ambayo wauzaji wa magari waliyatumia kuwaonyesha wateja umbo na rangi za gari la mwaka mpya. Mwaka 1958 ikaanza kuyauza yakiwa vipande ndani ya boksi, pamoja na vipande vya ziada vilivyomwezesha mnunuzi kuchagua kati ya namna 3 za kuliunda gari moja. Kutokana na urithi huo Wamarekani wengi hutumia skeli ya 1:25, na pikapu za Ford na Chevrolet zimekuwa sehemu ya kudumu ya orodha za viwanda vyao. Makao ya pili ni mkoa wa Shizuoka nchini Japani, waliko Tamiya, Aoshima, Hasegawa na Fujimi. Tamiya ilianza mwaka 1946 ikifanya biashara ya mbao, ikaingia katika modeli za mbao, na mwaka 1960 ikatoa modeli yake ya kwanza ya plastiki. Mwaka 1981 ikatoa Hilux ya skeli ya 1:10 inayoendeshwa kwa redio, yenye giaboksi ya gia 3 na springi za vyuma bapa, ambayo mpaka leo wapenzi wa mchezo huo wanaitafuta kwa bei kubwa. Kwa msomaji wa Tanzania, Kenya au Uganda seti za Kijapani zina faida moja isiyotajwa kwenye boksi: usukani wake uko kulia, na magari yanayonakiliwa ni yaleyale yanayoshushwa kama mitumba katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Hilux ya mwaka 1994 inayotolewa na Aoshima kwa skeli ya 1:24, yenye namba ya aina LN107, haihitaji kubadilishwa kitu ili ifanane na pikapu ya barabara ya Morogoro au ya Narok, na ndiyo itakayotumika kama mfano katika maelezo yanayofuata.

Ni haki kukumbusha pia kwamba Afrika Mashariki haikungoja boksi la plastiki. Magari ya waya na makopo, yenye magurudumu ya kandambili zilizokatwa na usukani wa waya mrefu unaofika kwenye mikono ya mtoto anayetembea nyuma, ni modeli zilizochagua kunakili utendaji badala ya vipimo; usukani wake hukunja magurudumu ya mbele kwelikweli, wakati seti nyingi za plastiki zinazouzwa ghali zina magurudumu yaliyogandishwa kwa gundi.

Vipande vya seti hutengenezwa kwa polistirini, plastiki ngumu ambayo huyeyushwa kwa moto na kusukumwa kwa shinikizo kubwa ndani ya kalibu ya chuma, ikapoa na kutoka ikiwa fremu: vijiti vya plastiki vyenye vipande vinavyoning'inia kwa vikonyo. Kila tabia ya utengenezaji huu huacha alama ambayo mwundaji lazima aiondoe. Mahali nusu mbili za kalibu zinapokutana hubaki mstari mwembamba ulioinuka. Mahali pini za chuma zinaposukuma kipande kitoke hubaki duara lililodidimia. Na juu ya uso wote huweza kubaki mafuta yaliyopakwa ili plastiki isigande kwenye kalibu, mafuta ambayo rangi haishiki juu yake. Kwa sababu hiyo hatua ya kwanza ya kazi ni kuosha fremu kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha kuziacha zikauke zenyewe bila kufutwa na kitambaa kinachoacha nyuzi. Kipande hukatwa kwa koleo ndogo yenye makali bapa, tena mara mbili: mara ya kwanza mbali na kipande, mara ya pili karibu zaidi, kwa kuwa anayekata kikonyo kwa mkato mmoja mara nyingi hung'oa na nyama ya kipande chenyewe. Masalio husawazishwa kwa wembe na msasa, na mstari wa kalibu hukwanguliwa kwa mgongo wa wembe, ambao hukwangua pasipo kuchimba.

Gundi ya polistirini inafaa kuelezwa, kwa sababu haifanyi kazi kama gundi za kawaida. Ni kiyeyusho chembamba kinachoyalainisha kwa muda maungio ya vipande viwili, yakachanganyika, na kiyeyusho kinapopotea hewani kinachobaki si tabaka la gundi bali plastiki moja. Vipande hushikanishwa vikiwa vikavu, kisha ncha ya brashi yenye gundi hugusishwa kwenye ufa, nayo gundi huvutwa na ufa wenyewe na kuenea ndani yake. Supa gluu, ambayo hupatikana katika kila duka la mtaa, hushika haraka lakini mvuke wake huacha ukungu mweupe juu ya vioo vya plastiki, ukungu usiofutika kwa urahisi. Vioo vya pikapu hubandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, ambayo hukauka na kuwa angavu, na ikimwagika hufutwa kwa maji.

Chesisi ndiyo inayostahili subira kubwa kuliko zote, ingawa haionekani modeli inapokaa mezani. Boriti zake mbili zikikauka zikiwa zimepinda hata kwa nusu milimita, gurudumu moja kati ya manne litaning'inia, na hakuna rangi itakayolificha kosa hilo, kwa kuwa jicho la mwanadamu hugundua gari linalosimama kwa magurudumu matatu kabla halijagundua kitu kingine chochote. Mafundi hodari huiacha chesisi juu ya kipande cha kioo, ambacho ni bapa kuliko meza yoyote ya mbao, ikiwa imekandamizwa kwa uzito mdogo usiku mzima. Vipande vya ndani, yaani viti, dashibodi na usukani, havihitaji maneno mengi: hupakwa rangi isiyong'aa, tofauti kidogo ya kivuli kati ya kiti na sakafu, na basi.

Kabla ya rangi kuna suala la unene wa bati. Bati la bodi la gari halisi lina unene wa chini ya milimita 1, kwa hiyo katika skeli ya 1:24 lingepaswa kuwa na sehemu ndogo tu ya unene wa karatasi ya kuandikia, lakini plastiki haiwezi kumiminwa nyembamba kiasi hicho, na ukuta wa modeli wa milimita 1 ni sawa na bati la milimita 24. Katika saluni kasoro hiyo hufichika. Katika pikapu huonekana kwenye kingo za matao ya magurudumu na kwenye mlango wa nyuma wa mizigo ukiachwa wazi, na dawa yake ni kuikwangua plastiki kwa upande wa ndani ili ukingo unaoonekana uwe mwembamba, huku unene wa nyuma yake ukibaki kwa ajili ya uimara. Mistari ya milango nayo huongezwa kina. Mwanya wa mlango wa gari halisi ni karibu milimita 5, yaani milimita 0.2 katika modeli, na kila tabaka la rangi litakalofuata litaingia humo na kuuziba.

Hapo ndipo tatizo kuu linapojitokeza. Rangi ya kiwandani ya gari, ukijumlisha praima, rangi yenyewe na vanishi ya juu, ina unene wa takriban mikroni 100, mikroni moja ikiwa sehemu ya elfu ya milimita. Ili modeli iwe sahihi, rangi yake ingepasa iwe na mikroni 4 tu, kiwango ambacho mkono wa mtu haukifikii. Fundi makini akiweza kumaliza tabaka zote kwa mikroni 60 amefanya kazi nzuri sana, na bado, mikroni 60 zikizidishwa mara 24 ni zaidi ya milimita 1.4: ni kama gari lililopakwa rangi kwa mwiko wa kupigia plasta. Rangi hiyo ikiingia pande zote mbili za mwanya wa mlango wa milimita 0.2, zaidi ya nusu ya mwanya hupotea. Kutokana na hesabu hii msomaji ataelewa kwa nini kanuni zote za kupaka rangi modeli, ambazo vitabu vya maelekezo huziorodhesha bila sababu, hurudi kwenye neno moja, nalo ni wembamba.

Brashi ya mkono inafaa kwa vitu vidogo kama vishikizo vya milango na taa, lakini bodi zima hupulizwa. Chombo kinachopendekezwa ni kipulizio chenye umbo la kalamu, kinachounganishwa na kompresa ndogo na kuvunja rangi kuwa ukungu mwembamba kwa shinikizo la karibu baa 1 hadi 1.5, nacho ni ndugu mdogo wa bunduki ya rangi inayotumiwa na mafundi bodi wa gereji, na anayejua moja hupata urahisi wa kujifunza nyingine. Rangi huchanganywa na tina mpaka iteleze kwenye ukuta wa kikombe kama maziwa, nyepesi kiasi cha kupita kwenye tundu la sindano lenye milimita 0.3, kisha hupulizwa kwa umbali wa sentimita 10 hadi 15. Tabaka la kwanza linakusudiwa lisifunike: ni ukungu unaoshika hapa na pale, ambao kazi yake ni kuupa uso ukwaru wa kulikamata tabaka la pili. Mkono huanza kusogea kabla rangi haijatoka na huendelea baada ya rangi kukatika, kwa kuwa mkono unaosimama huacha michirizi. Mwenye kopo la sprei tu anaweza kupata matokeo mazuri, ingawa kopo hutoa rangi nyingi zaidi kwa sekunde na humwadhibu haraka anayesitasita.

Aina za rangi ni tatu, na mpangilio wake si suala la mapendeleo. Laka hukauka haraka kwa kuwa viyeyusho vyake ni vikali. Enameli, yenye asili ya mafuta, hukauka polepole na kubaki laini kwa siku kadhaa. Akriliki ya maji haina ukali wala harufu kubwa lakini hushika kwa udhaifu pasipo praima. Rangi yenye kiyeyusho kikali ikipulizwa juu ya ile yenye kiyeyusho kipole huipenya, huikunja na kuipasua, kwa hiyo utaratibu salama ni laka chini na enameli au akriliki juu, wala si kinyume chake. Jambo hili linawahusu hasa waundaji wa miji yetu ambao hununua rangi katika maduka ya rangi za magari, ambako muuzaji huchanganya rangi kwa namba ya kiwanda, kama 040 ambayo ni nyeupe ya Toyota nyingi. Rangi hiyo ni halisi kabisa kwa kivuli chake, lakini tina ya gereji imeundwa kwa ajili ya bati, si kwa polistirini, na ikimwagwa moja kwa moja juu ya modeli huila plastiki na kuiachia nyufa ndogo zisizohesabika. Praima itangulie, tabaka za mwanzo ziwe kavukavu, na jaribio lifanywe kwanza juu ya fremu tupu iliyobaki baada ya kukata vipande, ambayo ni plastiki ileile.

Nyeupe, rangi ya pikapu nyingi za serikali, za mashirika ya misaada na za wafanyabiashara, ina hila yake. Chembe zake hazifuniki vizuri, hasa kwenye kingo, na anayetumia praima ya kijivu hulazimika kuongeza tabaka juu ya tabaka ili kijivu kisipenye, mpaka mistari ya milango imezama. Praima ya kijivu ina faida ya kufichua mikwaruzo, kwa hiyo wengi huipuliza kwanza, wakarekebisha makosa kwa puti na msasa wa maji wa namba 1000, kisha wakaisugua karibu yote na kuweka praima nyeupe kabla ya rangi. Kuhusu swali kama nyeupe itumike ilivyo au ichanganywe na tone la kijivu, kwa hoja kwamba kitu kidogo hutazamwa kama kitu kilicho mbali na hewa hufifisha rangi za mbali, waundaji wamebishana kwa miongo mingi. Kwa pikapu ya kazi tone hilo linafaa, kwa sababu hakuna Hilux ya miaka kumi iliyobaki nyeupe ya kiwandani, na kwa gari la maonyesho halihitajiki.

Hali ya hewa huingilia kazi hii zaidi ya jinsi vitabu vya Kijapani vinavyodhani. Laka inapokauka, kiyeyusho chake huvukiza haraka na kuupoza uso. Hewa ikiwa na unyevunyevu mwingi, kama ilivyo Dar es Salaam, Tanga au Mombasa wakati wa masika, maji ya hewani hugandamana juu ya uso huo uliopoa na kunaswa ndani ya rangi, ambayo hugeuka na kuwa na weupe wa ukungu. Katika nyeupe weupe huo hautambulikani, lakini nyekundu au bluu huharibika kabisa. Dawa ni kutumia tina inayokauka polepole, au kungoja saa za mchana ambapo unyevunyevu wa hewa hupungua kuliko asubuhi. Jambo jingine lisilostahili kuchezewa ni mvuke wenyewe: tina hushika moto kwa umbali, kwa hiyo chumba kiwe na dirisha wazi, jiko la mkaa liwe mbali, na pua na mdomo vifunikwe kwa barakoa yenye kichujio cha kaboni, kwani barakoa ya kitambaa huzuia vumbi la rangi tu na kuupitisha mvuke.

Rangi ikishakauka kabisa, jambo ambalo kwa enameli huchukua siku kadhaa, vinundu vidogo vya juu husawazishwa kwa msasa wa maji wa namba 2000 na zaidi, kisha hung'arishwa kwa kompaundi, ileile ya gereji katika namna iliyo laini zaidi. Kingo huachwa bila kuguswa, kwa kuwa hapo rangi ni nyembamba na plastiki hutokeza kwa msuguo mdogo. Rangi za metali zina taabu ya pekee: chembe za alumini zinazong'aa ndani ya rangi ya gari, zikiwa na upana wa mikroni 20, huwa katika modeli sawa na vipande vya karibu nusu milimita, na gari huonekana limemwagiwa pambo za sherehe. Viwanda vya rangi za modeli husaga chembe hizo ziwe ndogo zaidi, na hapa rangi ya duka la magari hushindwa waziwazi. Bampa na fremu za taa zenye kromu huja zikiwa zimekwisha kung'arishwa kwa mvuke wa alumini ndani ya chombo kisicho na hewa, na huwa angavu kupita kiasi; rangi nyeusi iliyoyeyushwa sana, ikipitishwa kwenye mifereji yake na kufutwa juu, huzishusha na kuzifanya zifanane na chuma.

Kuchakaza, yaani kuipa modeli dalili za matumizi, ndiko kunakowatenganisha waundaji, na ndiko pia kunakoharibiwa zaidi kwa kupenda mno. Kutu ikipakwa kila mahali haisemi lolote. Kila alama kwenye gari ina kisababishi chake, na fundi anayekifahamu hahitaji alama nyingi. Boneti na paa hufifia kwa kuwa hulitazama jua moja kwa moja, ilhali milango hubaki na rangi yake. Tope hurushwa na gurudumu la mbele hadi sehemu ya chini ya mlango, na vumbi hujikusanya kwenye mlango wa nyuma wa mizigo kwa sababu hewa huzunguka nyuma ya gari linalokwenda na kulirudisha vumbi huko. Kutu huanza maji yanapotuama: chini ya mlango wa nyuma, ndani ya kingo za matao, kwenye mfereji wa paa, na katika miji ya pwani huharakishwa na chumvi. Kwenye sakafu ya bodi la mizigo mikwaruzo hukimbia kwa urefu, kutoka nyuma kwenda mbele, kwa sababu mizigo huburutwa upande huo. Mikwaruzo inayozunguka ovyo humfichua mwundaji ambaye hajawahi kupakia gari.

Mbinu inayosifiwa kwa kazi ya sakafu hiyo hutumia sprei ya nywele. Sakafu hupakwa kwanza rangi ya kutu na ya chuma, ikafuatiwa na sprei ya nywele, kisha rangi nyeupe ya akriliki; baada ya muda mfupi uso hulowanishwa kwa maji, ambayo hupenya na kuiyeyusha sprei iliyo katikati, na rangi ya juu hung'oka kwa kusuguliwa na brashi ngumu au kijiti. Rangi haiigizi kubanduka: inabanduka kweli, kwa kingo zilizochanika ambazo hakuna brashi inayoweza kuzichora. Vumbi nalo huchaguliwa kwa mahali. Ardhi nyekundu ya Tsavo, ambayo wekundu wake unatokana na oksidi ya chuma, haifanani na udongo mweusi wa mbuga unaonata kwa vipande, wala na mchanga mweupe wa pwani, na pikapu iliyochanganya yote matatu haijatoka popote. Udongo halisi haufai kwa sababu ileile ya rangi: punje ya milimita 1 katika skeli hii ni jiwe la milimita 24, ukubwa wa kokoto ya zege. Chaki laini za kuchorea zilizokwanguliwa kwa wembe hutoa unga mwembamba wa kutosha, nao hushikizwa kwa tone la tina au vanishi isiyong'aa.

Maandishi madogo hutumia stika za maji, yaani picha nyembamba zilizochapwa juu ya karatasi yenye gundi inayolainika ikilowa, na mwenye printa anaweza kuchapa za kwake: namba ya Tanzania inayoanza na herufi T, au kibandiko cha 80 KPH kilicho nyuma ya pikapu za biashara za Kenya. Vitu hivi viwili huliweka gari mahali pake haraka kuliko mandhari yoyote iliyojengwa kulizunguka.

Lililobaki ni mzigo, na hapo uzito hurudi na ukaidi wake. Urefu ukigawanywa kwa 24, ujazo hugawanywa kwa 24 mara tatu mfululizo, yaani kwa 13,824, na gari la kilo 1,500 hupata takriban gramu 108. Mfuko wa saruji wa kilo 50, ukifinyangwa kwa puti, unapaswa kuwa na gramu 3.6, na mifuko 20 yake, ambayo kwenye gari halisi ni tani nzima, haifikii gramu 75 na haiwezi kuzilemea springi za plastiki. Kwa hiyo kulemewa kwa springi hutengenezwa kabla mzigo haujapakiwa: viunzi vinavyoshikilia ekseli ya nyuma hukatwa kwa milimita 2, ambazo ni karibu sentimita 5 za gari, na tairi za nyuma husuguliwa kwa msasa upande unaokanyaga chini mpaka zikae bapa. Hayo hufanywa wakati chesisi ingali tupu juu ya kipande chake cha kioo, kwa maana baada ya bodi kupakwa rangi na kubandikwa hakuna nafasi ya kuingiza msasa.